Je, Nia Njema Yatosha?

Hivi karibuni kamati yetu ilikabiliwa na jambo gumu. Mfukoni zilikuwamo fedha tulizochanga kwa ajili ya vitanda vya kujifungulia katika zahanati moja nyumbani. Wiki hiyo hiyo, familia moja ya hapa kanisani ilikuwa karibu kutolewa kwenye nyumba kwa deni la kodi. Tukaulizana: kwa nini tusichukue kidogo, tukarudisha baadaye? Vitanda vitasubiri, watoto hawawezi kulala nje.

Sheria ya hapa haikutuachia nafasi. Tangu mwaka 1601, enzi za Malkia Elizabeth wa Kwanza, Bunge la Uingereza lilitunga sheria kuzuia mali za hisani zisitumiwe vibaya. Leo, chini ya Sheria ya Hisani ya mwaka 2011 ya England na Wales, wanaosimamia fedha kama hizi ni wadhamini, si wenye mali. Fedha iliyochangwa kwa kazi maalumu hutumika kwa kazi hiyo. Mdhamini akivunja amana anaweza kudaiwa airudishe kutoka mfukoni mwake.

Baadhi yetu tulinung'unika kwamba sheria haina huruma. Lakini sisi tunaofanya kazi wodini tunajua: mofini huhesabiwa na wauguzi wawili, na wote wawili hutia sahihi. Hatufanyi hivyo kwa sababu sisi ni wezi. Mgonjwa aliyelala hawezi kujihesabia dawa yake.

Ndivyo ilivyo kwa mama anayejifungulia sakafuni. Hakuwamo katika kikao chetu. Familia ya hapa tuliiona kwa macho, yeye hana wa kumsemea ila wadhamini. Kumhurumia jirani kwa fedha ya mwingine si ukarimu. Paulo naye, alipopeleka mchango Yerusalemu, hakuubeba peke yake. Alitaka uaminifu wake uonekane mbele za Mungu na mbele za watu pia.

Basi tulipitisha kapu upya, kwa jina la familia ile, kila mmoja akatoa cha kwake. Hakikutosha kodi yote, tukachanga tena Jumapili iliyofuata. Ilituuma zaidi kuliko kukopa mfukoni. Pengine ndivyo kutoa kunavyopaswa kuwa.

Daftari la mapato na matumizi liko kwa mhazini. Njooni mlikague, ni lenu.