Bugufi na Swali la "Ingekuwaje?"

Katika Bahari ya Kaskazini kimo kisiwa kidogo kiitwacho Heligoland, ambacho Uingereza ilikitoa kwa Ujerumani mwaka 1890. Kwa mapatano hayo hayo Ujerumani iliridhia Unguja na Pemba ziwe chini ya hifadhi ya Uingereza, na magharibi ya Ziwa Viktoria mpaka ukachorwa juu ya mstari wa digrii 1 kusini ya Ikweta. Watu wa Heligoland hawakuulizwa, wala wakulima wa Kagera. Wanafunzi hupenda kukisia ingekuwaje kama kisiwa kile kingebaki kwa Mwingereza. Ngara nayo ina swali la namna hiyo, na huku halina mchezo.

Wahangaza wa Bugufi husema lugha inayosikilizana na Kirundi, na katika karne ya 19 nchi yao ilitawaliwa na wafalme wa Burundi. Mwaka 1916 majeshi ya Ubelgiji yaliwafukuza Wajerumani katika sehemu hizi, hata Biharamulo. Mwaka 1919 Milner wa Uingereza na Orts wa Ubelgiji waliketi wakagawana. Mwingereza, akiota reli ya kutoka Cape hadi Kairo, alipewa Gisaka ya Rwanda. Reli haikujengwa, Gisaka ikarudishwa, Bugufi ikabaki Tanganyika. Mwami Mwambutsa aliidai mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka 1948, asiipate.

Basi tuseme angeipata. Mtoto wa Bugufi angefundishwa Kifaransa, naye angepata uhuru Julai 1, 1962 chini ya bendera nyingine. Mwaka 1972, na tena mwaka 1993, pengine angekuwa miongoni mwa waliouawa Burundi, au waliokimbia. Na pengine, ndugu msomaji, miongoni mwa waliokamata silaha. Hilo la mwisho hatupendi kulitaja.

Nimewasikia watu wazima, tena wenye elimu, wakisema juu ya majirani hao: "Sisi si kama wale." Kauli hiyo yaudhi, kwa kuwa hujivunia jambo lililoamuliwa mezani na wageni wawili. Lakini akitokea wa kuniambia kwamba mpaka ndio uliotufanya wema, na mpaka ndio uliowafanya wale wauaji, nitamkatalia pia. Aliyeua alichagua kuua. Kijiji kile kile kilikuwa na aliyemficha jirani yake. Wala Mwingereza hakutuachia umoja: yeye naye alitawala kwa makabila na machifu. Utemi ulifutwa na Tanganyika huru mwaka 1963, na Kiswahili kikashikwa shuleni na barazani kwa kukusudia. Hayo ni matendo, nayo yaweza kutenduliwa.

Mwishoni mwa Aprili 1994 watu zaidi ya 200,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, wakapiga kambi Benaco. Miongoni mwao walikuwamo wenye hatia na wasio nayo. Misitu ya Ngara ilikatwa kuni, na manung'uniko ya wenyeji yalikuwa ya haki. Desemba 1996 serikali iliwaagiza wakimbizi hao warejee kwao. Lakini siku zile za kwanza, walipoomba maji barabarani, Mhangaza hakuhitaji mkalimani.