Kuanzia Pale Tulipoishia

Wakazi wengi wa Dodoma wanaishi kando ya barabara ambayo hawaijui. Sisemi ile ya lami iendayo Singida, wala reli. Nasema njia ya misafara, iliyotoka Bagamoyo ikapanda milima ya Usagara, ikashukia Mpwapwa, ikaikata Ugogo hadi Kilimatinde, ikapita Kwihara karibu na Tabora, ikaishia Ujiji kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika. Urefu wake ni kilomita 1,200 hivi. Mwaka 2006 Tanzania iliiingiza katika orodha ya awali ya maeneo inayotaka UNESCO iyatambue kuwa urithi wa dunia, ikataja vituo sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji.

Njia hiyo mimi na wenzangu wachache tunaitembea kwa miguu, kipande kwa kipande. Mvua zikishakatika na likizo ikipatikana, tunapanda basi hadi pale tulipoishia, tunashuka, tunaendelea. Tukikuta mahali penye usafiri na siku zimetuishia, tunarudi kazini. Jamaa mmoja wa ofisini alipotusikia alisema, "Kama mnakwenda Ujiji, ndugu zangu, nendeni Ujiji. Huko kutembea kwenu ni kuzunguka tu." Neno hilo nimekaa nalo muda mrefu, kwa sababu limesemwa na mtu mwenye akili na halikusemwa kwa ubaya. Wengi wanaamini hivyo: kwamba jambo lililokatwakatwa si jambo, na kwamba mtu hodari ni yule anayeanza na kumaliza bila kuweka mzigo chini.

Lakini njia hii yenyewe haikutembewa hivyo. Wasafiri wa Kizungu Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857, wakafika Kazeh, ambayo leo ni Tabora, mwezi Novemba, na wakakaa hapo zaidi ya mwezi kabla ya kuendelea ziwani. Stanley aliondoka Bagamoyo Machi 1871 akiwa na haraka ya kumtafuta Livingstone. Alifika Unyanyembe, eneo hilohilo la Tabora, mwezi Juni, lakini Ujiji hakuiona mpaka Novemba, kwa sababu ya homa na kwa sababu vita vya mtemi Mirambo vilikuwa vimeifunga njia. Hao ni watu wenye fedha na bunduki, na majina yao yamo vitabuni. Walioijua njia hasa walikuwa wapagazi, na Wanyamwezi ndio waliosifika kuliko wote. Mpagazi alibeba frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, na juu yake akaweka chungu chake, mkeka wake na posho yake. Wengi walishuka pwani kiangazi, wakarudi kwao kulima mvua zilipokaribia. Mwaka uliofuata walitoka tena. Ukimwambia mtu wa namna hiyo kwamba kutembea kwa vipande si kutembea, sidhani angekuelewa.

Milima ndiyo iliyotufundisha jambo hili mapema. Safu ya Rubeho inazidi mita 2,000, na misafara iliyotoka kwenye joto la bonde la Mkondoa ilipanda humo ikiwa tayari na wagonjwa. Nasi tulipanda. Siku ya kwanza nilikuwa nawaza kilele tu na kuhesabu vilima vilivyobaki. Siku ya pili nilianza kuangalia mashamba ya maharage yaliyoning'inia kwenye miteremko, na watoto wanaopanda kwenda shule njia ambayo mimi niliipanda nikihema. Tulikomea tulipokomea, na hatukuona aibu.

Ukishuka Mpwapwa mambo yanabadilika kabisa. Mpwapwa ilikuwa mahali pa kungojeana. Misafara midogo ilikaa hapo, ikanunua chakula, ikajiunga kuwa mkubwa mmoja, kwa sababu mbele, baada ya maji ya chumvi ya Chunyo, kulikuwa na Marenga Mkali: nyika isiyo na maji ya kilomita 50 hivi kabla ya kufika Mvumi. Hapo msafara haukuondoka alfajiri kama ilivyo desturi. Watu walikunywa, wakajaza vibuyu, wakaondoka mchana jua likiwa kali, wakatembea hadi usiku, wakalala bila maji, wakaamka mapema na kusukuma hadi kisima cha kwanza cha Wagogo. Mwendo huo waliuita terekeza.

Sisi tuliutembea hivyohivyo, kwa makusudi, ingawa leo kuna vijiji katikati na mtu hawezi kufa kwa kiu kama zamani. Tuliondoka baada ya adhuhuri. Udongo mwekundu ulikuwa unachoma kupitia soli ya kiatu. Miiba ya migunga ilishika mikono ya mashati, na mibuyu ilisimama mbalimbali, kila mmoja na kivuli chake kidogo, kiasi kwamba tulijikuta tunatembea kutoka mbuyu hadi mbuyu. Usiku tulilala karibu na reli, upande wa Igandu. Hapo, tarehe 24 Juni 2002, treni ya abiria ilirudi nyuma mlimani ikagongana na ya mizigo, na watu 281 walipoteza maisha. Mwenzetu mmoja alimpoteza shangazi yake katika ajali ile, na hakuwahi kufika hapo mpaka usiku huo. Aliomba tuwashe moto mapema na tusizungumze sana. Siku hizi treni ya umeme, iliyoanza safari za Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, inamfikisha abiria kwa muda usiotimia saa nne. Nami huipanda na kuishukuru. Ila sijawahi kumsikia abiria yeyote ndani yake akilitaja jina la Igandu.

Vitabu vya wasafiri wa Kizungu vimejaa manung'uniko juu ya hongo ya Ugogo: vitambaa, shanga na waya ambavyo watemi walidai kabla ya kuruhusu msafara upite na unywe. Wagogo wameandikwa humo kama watu wakali na walafi. Tangu nilipovuka Marenga Mkali kwa miguu, mimi niko upande wa watemi. Katika nchi yenye msimu mmoja tu wa mvua, kisima hakijitokezei. Kuna mtu aliyekichimba, akakichimbua tena mchanga ulipokifukia, akapanga zamu za ng'ombe ili wa jirani nao wapate. Halafu waje wageni mia kadhaa na punda wao, wanywe kwa usiku mmoja maji ambayo kijiji kimeyahesabia siku, waondoke asubuhi bila kutoa kitu? Hongo ilikuwa bei ya maji, na kwa maoni yangu ilikuwa bei ya haki.

Kijiji kimoja si mbali na Mvumi, tulipomaliza kipande hicho, bibi mmoja alitupokea uani kwake, akatupa ugali wa uwele na mlenda. Tulipoaga tulisema tutarudi kiangazi kingine kuendelea kutoka hapohapo. Alicheka tu. Tuliporudi alitoka nje akipangusa mikono.

"Mbukwenyi!" alisema. "Wajukuu zangu, nilidhani mmeshafika huko Ujiji mkanisahau."

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wageni wote husema watarudi. Haya, kaeni kwanza."

Mvua za mwaka ule zilikuwa zimekatika mapema. Ghala lililokuwa limejaa uwele tulipopita mara ya kwanza sasa lilikuwa na uwele wa chini tu, na kijana aliyetuchotea maji amekwenda Dar es Salaam kutafuta kazi. Bibi alitueleza yote hayo kama mtu anayewaeleza ndugu, kwa sababu safari hii hatukuwa wapita njia. Tungeuvuka Ugogo wote kwa mkupuo mmoja, tungeona mwaka mmoja wa neema na kuandika kwamba Wagogo wana chakula. Kurudi ndiko kulikotuonyesha kijiji. Na kurudi kulituwekea deni: hatuwezi tena kupita Mvumi bila kusimama uani kwa bibi.

Hapo ndipo ninapotofautiana na jamaa yangu wa ofisini. Yeye anaona kituo ni mahali pa kushindwa kuendelea. Mimi naona kituo ni mahali ambapo umeahidi kitu. Dodoma imezungukwa na mapagale, kuta za matofali zisizo na bati, na wageni huyaona kama ishara ya umaskini au uvivu. Muulize mwenye pagale. Atakuonyesha chumba cha mwanawe, dirisha la jikoni, mahali pa tangi la maji, na atakwambia ni mshahara gani uliosimamisha ukuta upi. Kila anapopata kitu anarudi palepale alipoishia. Jiji lenyewe limejengwa hivyo: uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulipitishwa mwaka 1973, na Serikali ilianza kuhama kwa nguvu mwaka 2016.

Kuna kisa cha Marekani ninachokipenda. Wana njia ya milimani iitwayo Appalachian, kilomita 3,500 hivi kutoka Georgia hadi Maine. Mtu anayetajwa kuwa wa kwanza kuitembea yote, Myron Avery, alikamilisha mwaka 1936, naye alikwenda kwa vipande, kwa miaka kadhaa, akisukuma gurudumu la kupimia umbali ili wengine wapate ramani. Aliyesifika kwa kuimaliza kwa safari moja, Earl Shaffer, alikuja mwaka 1948. Aliikuta njia imeshapimwa.

Sitaki kusema kwamba kila safari inakatika. Mwaka 1873, Livingstone alipofariki huko Chitambo, watumishi wake Chuma na Susi na wenzao waliubeba mwili wake. Walipofika Kwihara Wazungu waliokuwepo waliwashauri wamzike hapo. Walikataa, wakaendelea hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Mzigo ule haukuwa wa kuacha njiani. Na wapo maelfu waliopita njia hii wakiwa watumwa. Hao kituo walichaguliwa, na asiyeweza kuendelea aliachwa. Tunapokaa chini ya mbuyu kupumzika kwa hiari yetu, tunakaa mahali ambapo mtu mwingine hakuruhusiwa kukaa. Hilo nalikumbuka kila mara ninapovua viatu.

Mathias Mnyampala, katika kitabu chake cha historia, mila na desturi za Wagogo kilichotoka mwaka 1954, anaonyesha kwamba koo nyingi za Wagogo chimbuko lao ni pande nyingine. Walikuja, wakakaa. Nilikisoma tena baada ya kupita Matumbulu na Bihawana, vijiji ambavyo Stanley naye alivitaja, na nikawaza juu ya watu ambao safari yao iliishia hapa, wakachimba kisima, na leo sisi tunawaita wenyeji.

Sasa tumefika Kilimatinde, juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, mahali palipokuwa na shughuli nyingi mpaka reli ilipofika Dodoma mwaka 1910 na kuendelea kwa njia nyingine. Ukisimama pale unauona uwanda wa Bahi chini, wote tuliokwisha kuupita. Mbele ni Mgunda Mkali, pori refu hadi Tura, na hapo tutahitaji mwenyeji wa kutuongoza na ruhusa za vijiji. Kwa wahusika wa malikale na halmashauri za Mpwapwa, Chamwino, Bahi na Manyoni nina ombi: msingojee njia nzima itambuliwe ndipo muanze. Anzeni na kipande kimoja, Chunyo hadi Mvumi. Wekeni mawe ya alama, na visima vya zamani viandikwe kwenye ramani wakati wazee wanaovijua bado wapo. Sisi tutaondoka Kilimatinde kiangazi kijacho, mahindi yakishavunwa. Anayetaka kuungana nasi aje na viatu vilivyokwisha kuzoea mguu na dumu lake la maji, na akikubali, apite Mvumi kwanza amsalimie bibi.