MTOTO ALIYELILIA NDEGE WAKE



Shukrani zote anastahiki Allah (S.W.). Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu Muislamu, tunakuomba uisome karatasi hii kabla khatibu hajapanda mimbari, au uikunje ukaisome nyumbani. Tunataka tufikiri pamoja juu ya jambo dogo, nalo ni ndege. Hatusemi zile ndege zinazotua Mavivi. Tunasema wale wanaolala katika miti ya parsele yako na kukutangulia kuamka kila Alfajiri.

Siku moja baada ya swala ya Alfajiri, mmoja wetu alisimama nje ya msikiti akiwasikiliza. Mzee mmoja akamgusa bega, akamwambia: "Mwanangu, watu wanazikwa, nawe unasikiliza ndege?" Yule ndugu alikosa jibu, akaenda zake. Lakini swali lilibaki, na wengi wetu tunalo moyoni hata kama hatulitamki. Je, katika mji wenye msiba, kuangalia ndege ni ibada au ni upuuzi?

MASIKIO YETU YAMEFUNDISHWA NINI

Mzee yule hakukosea. Tangu Oktoba 2014 mauaji yalipoanza katika Beni na vijiji vyake, tumezika watu wengi mno. Kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020 Ebola iliua watu zaidi ya 2,200 katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, na tukajifunza kusalimiana bila kupeana mikono. Tarehe 1 Mei 2021, ndani ya mwezi wa Ramadhani, Sheikh Ali Amini alipigwa risasi msikitini hapa Beni. Allah amrehemu, na awarehemu wote waliotangulia.

Mambo hayo yametufundisha. Leo hata mtoto mdogo anajua kutenganisha mlio wa bunduki na mlio wa tairi la pikipiki lililopasuka. Elimu hiyo inaokoa maisha, na hatumlaumu mtu kwa kuwa nayo. Lakini jiulize, ndugu yangu: sikio lako linajua sauti gani nyingine? Yule ndege anayeimba kila siku juu ya mti wako wa avoka, unaijua rangi yake?

Hofu ina haki yake juu yetu. Haina haki ya kuchukua jicho lote na sikio lote.

Katika Surat al-Mulk, aya ya 19, Allah (S.W.) anawaelekeza watu wawaangalie ndege walio juu yao, namna wanavyokunjua mbawa na kuzikunja, ili wajue ni nani anayewashikilia. Sura hiyo iliteremka Makka. Makka ile Waislamu walikuwa wachache, wakipigwa na kutukanwa. Basi mwito wa kuwaangalia ndege haukungoja raha ije. Ulifika wakati wa dhiki.

VILIVYO MBELE YA MACHO YETU

Tazama ndege wale wa manjano wenye vichwa vyeusi, wanaofuma viota vyao kwa makelele. Dume huchana majani ya mchikichi, ule ule unaotupa mawese, akayafuma kwa mdomo peke yake, bila mkono wala sindano. Akimaliza, hujining'iniza chini ya kiota na kupiga mbawa ili jike aje kukagua. Kama jike hakukipenda, kiota hukaa mpaka kikakauka, naye dume hukibomoa mwenyewe na kuanza upya. Nani kati yetu, ndugu yangu, ambaye hajapata kuanza upya nyumba yake?

Mtazame pia mbayuwayu. Kila mwaka, kuanzia Septemba na Oktoba, mbayuwayu wa Ulaya huvuka bahari na jangwa la Sahara kuja huku kwetu Afrika, wengine wakaendelea mpaka kusini kabisa, safari ya kilomita kama 10,000. Uzito wake ni gramu 20 hivi, kama kijiko kikubwa cha chumvi. Barabara ya kwenda Kasindi wakati mwingine hututisha sisi wenye magari, naye kiumbe kile kinapita juu yetu.

Mtume (S.A.W.), kama alivyopokea Umar bin al-Khattab (R.A.) katika hadithi iliyomo kwa Tirmidhi, alitufananishia tawakkul ya kweli na ndege: hutoka asubuhi na njaa, hurudi jioni wameshiba. Wanavyuoni wamekumbusha kwamba ndege wale hutoka. Hawakai kiotani kungoja riziki iletwe.

NDEGE WA ABU UMAYR

Sasa turudi kwenye swali la mzee. Jibu tulilolipata liko katika nyumba moja ya Madina.

Anas bin Malik (R.A.) alikuwa na mdogo wake wa upande wa mama, mtoto mdogo aliyeitwa Abu Umayr. Mtoto huyo alikuwa na kindege alichokuwa akicheza nacho. Kindege kikafa. Mtume (S.A.W.) alipoitembelea nyumba ile akamkuta mtoto ana huzuni. Akamwita kwa kunya yake, kama anavyoitwa mtu mzima, akamuuliza habari za kindege chake. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim.

Kumbuka ni nani aliyeuliza. Ni mtu aliyebeba mzigo wa umma mzima, aliyezika watoto wake mwenyewe, na ambaye maadui walikuwa wakimwinda. Hakuona kwamba kindege cha mtoto ni jambo dogo lisilostahili dakika yake. Mwanachuoni wa Kishafii, Ibn al-Qass, alitoa faida sitini katika hadithi hii moja.

Sisi tunataka kutaja moja tu. Mtume (S.A.W.) alikuwa amekiona kindege kile kikiwa hai. Alijua kwamba kipo na kwamba mtoto anakipenda. Kama angekuwa hana jicho la kuona vidogo, siku ya msiba angekosa la kumuuliza mtoto yule.

MTOTO WA UPANDE WA ERINGETI

Ndugu msomaji, katika parsele nyingi za Beni na Butembo wamo watu waliokimbia vijiji vyao. Katika nyumba ya mmoja wetu alifika mtoto mwanamume kutoka upande wa Eringeti. Kwa siku tatu alilia kwa ajili ya kuku wake aliyebaki kijijini. Wakubwa tulimwambia: "Nyamaza, mshukuru Mungu umepona. Kuku ni kitu gani?" Maneno hayo tuliyasema sisi wenyewe, watu wa msikitini.

Siku ya nne, bibi mmoja wa nyumba ile alikaa naye penye jiko akamuuliza: "Kuku wako alikuwa wa rangi gani?" Mtoto akajibu. Akaeleza alivyokuwa akitagia chini ya kitanda. Kisha akaeleza kitanda kile kilikuwa cha nani. Kisha akasimulia usiku ule, na kaka yake. Yaliyokuwa yamefungwa kifuani yakatoka kupitia kwa kuku.

Sisi siku zote tatu hatukuwa tumemuuliza hata rangi.

Basi tunamjibu mzee wetu kwa heshima: Baba, umesema kweli kwamba watu wanazikwa. Na ndiyo maana tunajifunza kuangalia ndege. Jicho lililozoea kudharau kidogo litamdharau na mtoto anayelia kwa ajili ya kidogo. Likianza kwa ndege, halisimami kwa ndege.

Hata hivyo tujihadhari na upande wa pili. Wapo watu wanaopenda ndege na kuwatesa binadamu wenzao. Kuangalia peke yake hakumfanyi mtu awe mwema. Mtume (S.A.W.) hakuishia kwenye kindege, alimwendea mtoto akamuuliza. Ukiyatazama maajabu ya Allah ukapita mlango wa jirani yako mwenye msiba bila kubisha, umetazama bure.

KAZI YA WIKI HII

Kwanza: kesho baada ya Alfajiri, kabla ya kushika simu, simama dakika tano nje. Sikiliza. Mtambue ndege mmoja, umjue rangi yake na mahali anapolala. Sema Subhanallah ukiwa unajua unasema juu ya nini.

Pili: wazungumze na watoto wenye manati. Ibn Mas'ud (R.A.) alisimulia, kama ilivyo kwa Abu Daud, kwamba masahaba safarini walichukua makinda mawili ya ndege, mama yao akaja akipiga mbawa kwa uchungu, na Mtume (S.A.W.) akaamuru arudishiwe wanawe. Na mwenye kufikiria biashara ya kasuku wa kijivu wa misitu yetu akumbuke jambo hilo. Tena mkutano wa mataifa uliofanyika Johannesburg mwaka 2016 uliamua kukataza biashara ya kimataifa ya kasuku hao wanaokamatwa porini.

Tatu, na hili ndilo kubwa: katika nyumba yako au ya jirani, mtafute aliyepoteza kitu ambacho wengine wanakiona kidogo. Kuku, mbwa, daftari la shule, kitenge cha mama yake. Muulize habari zake, kisha nyamaza umsikilize.

Ewe Mola wetu, yafungue macho yetu tuone ulivyoviumba, na ilainishe mioyo yetu kwa wenye huzuni. Warehemu maiti wetu, warudishe waliokimbia katika vijiji vyao kwa salama, na utupe Beni na Butembo zenye amani. Amin.

Wabillahi tawfiq.