Je, Deni la Dhuluma ni Deni?

Ndugu msomaji, siku moja baada ya tetemeko la ardhi lililoubomoa mji wa Port-au-Prince tarehe 12 Januari 2010, mhubiri wa Marekani aitwaye Pat Robertson alisema katika televisheni kwamba watu wa Haiti wamelaaniwa, kwa kuwa mababu zao walifanya mapatano na shetani ili wajikomboe kutoka kwa Wafaransa. Wengi walichukizwa na maneno hayo. Hata hivyo, wako wanaoyarudia kwa namna nyingine, wakidhani kwamba taifa likiwa maskini lazima liwe limemkosea Mungu. Yafaa tulichungue neno hili, kwani kumsingizia Mwenyezi Mungu dhuluma iliyofanywa na wanadamu si jambo dogo.

Mwaka 1791 watumwa wa koloni la Kifaransa la Saint-Domingue, ambao walikuwa karibu nusu milioni, waliwaasi mabwana zao. Walipigana miaka kumi na miwili. Kiongozi wao Toussaint Louverture alikamatwa mwaka 1802, akafia gerezani Ufaransa mwaka uliofuata. Lakini tarehe 1 Januari 1804 Jean-Jacques Dessalines alitangaza uhuru, na nchi ikaitwa Haiti, jina lililotoka kwa wenyeji wa kale wa kisiwa hicho.

Ama mapatano yaliyowafukarisha Wahaiti, hayo yanajulikana, tena yana tarehe na sahihi. Tarehe 17 Aprili 1825 Mfalme Charles wa Kumi wa Ufaransa alitoa amri kwamba ataukubali uhuru wa Haiti kwa sharti la kulipwa faranga milioni 150, iwe fidia ya wale waliopoteza mali zao. Na katika mali hizo walihesabiwa watumwa wenyewe! Amri hiyo ililetwa kwa manowari zilizojaa mizinga, naye Rais Jean-Pierre Boyer akaikubali. Kwa hiyo mtu aliyeibiwa nafsi yake alitakiwa amlipe mwizi kwa kuwa amejirudishia.

Haiti haikuwa na fedha hizo. Ilikopa faranga milioni 30 kwa mabenki ya Ufaransa ili kulipa fungu la kwanza. Mabenki yakajikatia milioni 6 kabla ya kutoa mkopo. Hivyo deni likazaa deni. Mwaka 1826 serikali ya Boyer ilitunga sheria ya kuwafunga wakulima katika mashamba, wasiweze kuondoka bila ruhusa, ili mazao ya kuuza nje yaongezeke. Mwaka 1838 fidia ilipunguzwa ikawa jumla ya milioni 90, lakini mikopo iliyotokana nayo haikumalizika mpaka mwaka 1947. Shule, barabara na hospitali ambazo zingejengwa kwa kodi ya kahawa ya mkulima hazikujengwa, kwa sababu kodi hiyo ilivuka bahari.

Huenda msomaji akauliza: Je, si ahadi ni ahadi? Boyer alitia sahihi, na wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Jibu ni kwamba deni huzaliwa pale mtu alipopokea kitu kwa hiari. Wahaiti walipokea nini? Uhuru walikuwa nao tayari kwa miaka 21. Mkataba uliotiwa sahihi mbele ya mizinga ni unyang'anyi uliovikwa nguo za sheria, na mwizi haipati haki ya mali kwa kuwa aliandikiwa stakabadhi.

Tena huulizwa: Waliochukua na waliolipa wote wamekufa, nani amlipe nani? Ni kweli kwamba hakuna abebaye dhambi ya babu yake. Lakini dhambi ni kitu kimoja, na mali ni kitu kingine. Mtoto aliyerithi ng'ombe wa wizi hana dhambi ya wizi. Lakini akijulishwa ukweli kisha akamng'ang'ania ng'ombe yule, tutamwitaje? Mwaka 2003 Rais Jean-Bertrand Aristide aliidai Ufaransa irudishe zaidi ya dola bilioni 21. Mwezi Februari 2004 aliondoka madarakani, na dai likazimwa. Tarehe 17 Aprili 2025, miaka 200 kamili baada ya amri ile, Rais Emmanuel Macron alitangaza tume ya wanahistoria wa nchi zote mbili kulichunguza jambo hilo. Kukiri ni mwanzo mwema, lakini toba ya mwizi haitimii mpaka arudishe alichokichukua.

Swali la tatu ni zito zaidi: Je, viongozi wa Haiti wenyewe hawakuiba? Waliiba. Ukoo wa Duvalier ulitawala kwa hofu tangu mwaka 1957 hadi 1986, na baadaye magenge yenye silaha yaliwatesa raia. Haki haibagui mwizi wa nje na mwizi wa ndani. Lakini dhuluma ya pili haiifuti ile ya kwanza. Yule mkulima ameibiwa mara mbili, basi anadai mara mbili.

Jambo hili halipo mbali nasi. Mwezi Juni 2024 askari polisi wa Kenya walitua Port-au-Prince kuongoza kikosi kilichoidhinishwa na Umoja wa Mataifa. Bunduki yaweza kumzuia jambazi; haiwezi kurudisha shule iliyonyimwa vizazi vitano.

Basi, ndugu msomaji, ukimsikia mtu akisema kwamba taifa fulani limelaaniwa, kwanza muulize nani alichukua mali yao. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Nasi Wahaiti tumewanyima hata hiyo haki ndogo ya kuaminiwa kwamba waliibiwa.