Uamsho Usio na Jukwaa



Mwaka 1929, kwenye kilima cha Namirembe, Kampala, Mganda Simeoni Nsibambi alikutana na Joe Church, daktari Mwingereza wa hospitali ya Gahini, Rwanda. Wakafungua Biblia, wakasoma na kuomba pamoja. Hapakuwa na jukwaa wala kipaza sauti. Miaka michache baadaye uamsho uliwaka Gahini, ukaenea Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika.

Waliookoka walijulikana kwa matendo. Mtu alirudisha mali aliyomwibia mwajiri wake, akalipa deni la zamani, akamwomba mkewe msamaha. Katika vikundi vyao waliungama dhambi kwa kuzitaja, si kwa jumla jumla. Na waliimba, tena kwa nguvu! Lakini wimbo ulitanguliwa na toba.

Leo wengi tunachagua kanisa kwa taa, kwa bendi, kwa mhubiri anayechekesha. Muziki mzuri ni zawadi ya Mungu, sisemi tuuzime. Kinachoniuma ni kijana anayejua kila pambio, lakini hakuna aliyewahi kukaa naye kumfundisha kuomba, kufunga, au kumsamehe nduguye. Tumemburudisha, tukamwacha na njaa.

Ndugu yangu, usingoje Jumapili. Tafuta wenzako wawili, fungueni Injili ya Marko, someni sura kwa sura mpaka mwisho. Na kama una deni la mtu, anza na hilo leo hii.