Tumaini la Mpiga Kura Kijana

Kijana anapotumbukiza karatasi ya kura sandukuni kwa mara ya kwanza, hutumbukiza pamoja nayo tumaini. Karatasi ina watu wa kuihesabu; tumaini halina. Yafaa basi tujiulize: kijana ana haki ya kutumaini nini kwa kiongozi mpya wa taifa lake, na tumaini hilo lamdai yeye mwenyewe kitu gani?

Tutazame mfano wa nchi yetu. Mwezi Oktoba 1985 Watanzania walipiga kura ya ndiyo au hapana kwa mgombea mmoja wa urais, Ndugu Ali Hassan Mwinyi. Kijana aliyetimiza miaka 18 mwaka ule alizaliwa mwaka 1967, mwaka wa Azimio la Arusha, na tangu apate akili hakumjua Rais mwingine ila Mwalimu Julius Nyerere. Ujana wake ulikutana na miaka ya dhiki, hasa baada ya vita vya 1978 na 1979 dhidi ya Idi Amin. Sabuni, sukari na khanga vilipatikana kwa foleni, na mara nyingi bidhaa ziliisha kabla ya foleni. Kijana huyo alitumaini nini? Bila shaka wengi walitumaini sabuni.

Hapana aibu katika tumaini hilo. Mama aliyedamka alfajiri kupanga foleni hakuwa mlafi, alikuwa mzazi. Na bidhaa zilirudi: milango ya biashara iliyoanza kulegezwa mwaka 1984 ilifunguliwa zaidi, hata wananchi wakampa Rais jina la Mzee Ruksa. Lakini si kila aonaye kitu dukani ana fedha ya kukinunua. Tena mwaka 1991, huko Zanzibar, Chama Cha Mapinduzi kililegeza masharti yaliyowazuia viongozi kujilimbikizia mali. Hapo aliyekuwa ametumaini sabuni peke yake angesema nini, naye alichokitaka amekwisha kukipata? Tumaini la mtu ndilo kipimo chake. Mwenye kibaba hapimi pishi kwa mara moja.

Kumbe lilikuwapo jambo kubwa zaidi la kutumainiwa, nalo lilikwisha kuonekana. Mwaka 1977 Ndugu Mwinyi, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu kwa sababu watuhumiwa walikufa mikononi mwa vyombo vya dola mkoani Shinyanga. Hakuwatesa yeye, lakini alikubali kwamba cheo hubeba lawama kama kinavyobeba heshima. Hili ndilo kijana ana haki ya kumdai kila kiongozi: kwamba watakapokosea walio chini yake, hatatafuta mtu mwingine wa kumtwika mzigo. Kiongozi hawezi kuahidi mvua, wala bei ya kahawa katika masoko ya dunia. Uwajibikaji aweza kuuahidi, maana umo mkononi mwake.

Hata hivyo, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mwanafunzi anayeiba mtihani asubuhi hana uso wa kumdai Rais uadilifu jioni. Mtumishi wa serikali anayemwambia mwananchi "njoo kesho", ilhali shauri lake laweza kwisha leo, hana haki ya kulalamika kwamba nchi haiendi. Viongozi hawateremki kutoka mbinguni. Hutoka madarasani na maofisini mwetu. Mzee Mwinyi mwenyewe, aliyefariki mwaka 2024, alianza kazi akiwa mwalimu wa shule.

Kwa hiyo, uchaguzi unapokaribia, mwalimu asiwaulize vijana wake, "Mwatumaini kupewa nini?" Na awaulize, "Kiongozi huyu akikosea, mtataka afanye nini? Na ninyi mkikosea, je, mtafanya hivyo hivyo?" Kijana aliyekwisha kulijibu swali la pili kwa matendo yake ndiye awezaye kumwuliza kiongozi lile la kwanza bila kutetereka.