UVIMBE ULIOJIFICHA KIFUANI!

Kijana wa Kitangari, simama kidogo usome!

Umekohoa wiki ya tatu sasa. Ukilala chali pumzi inabana. Ukiamka uso umevimba. Lakini unasema, "Kikohozi tu hiki, nikishauza korosho nitakwenda hospitali." Rafiki, uvimbe haungoji korosho! Mapafu ni laini, huupisha. Ndiyo maana hukua kimyakimya hata kujaza upande mzima wa kifua, ukikandamiza njia ya hewa na moyo.

Dawa ya dukani haiuondoi. Nenda Newala au Ndanda ukapigwe eksirei. Wapo madaktari bingwa Muhimbili, Dar es Salaam: hufungua kifua, huutenganisha uvimbe taratibu na mishipa mikubwa ya damu, kisha huutoa.

Je, huko ni kukosa imani? Hata kidogo! Luka aliyeandika Injili alikuwa tabibu. Ombewa, halafu panda basi.

Na dhambi unayoificha je? Nayo inakua hivyohivyo, haiumi mpaka ikubane. Usingoje kesho. Sema sasa hivi: "Bwana Yesu, fungua kifua changu, toa kilichojificha." Amina!